Tairi la Nyuma Likilowa

Msikilizaji, kama wewe ni dereva wa lori, utingo, fundi wa gereji, au ni mtu uliyeweka akiba yako yote kwenye Fuso moja ya kubeba viazi, mazungumzo ya leo ni yako. Nataka tuzungumze kuhusu oili inayochuruzika kwenye magurudumu ya nyuma ya lori: inatoka wapi, inaharibu nini, na inazibwaje ili isirudi.

Gereji za barabara kuu, kuanzia Chalinze mpaka Tunduma, zinaijua habari hii vizuri. Lori linaingia, tairi la ndani la nyuma limelowa, vumbi limenasa kwenye oili na kugeuka tope jeusi linalonata. Dereva anashuka akisema, "Fundi, sili imekufa. Nibadilishie chapuchapu, mzigo unasubiriwa Dar." Fundi anafungua, anagonga sili mpya, anafunga, analipwa. Baada ya wiki chache lori ni lilelile, tairi ni lilelile, tope ni lilelile. Lawama zinaenda kwa mwenye duka la vipuri, kwamba sili za siku hizi ni feki. Feki zipo kweli, na nitalisemea hilo. Ila mara nyingi sili ile ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Kuna kitu ndani ya ekseli kilichoiua, na kitu hicho bado kimo humo, kinaisubiri inayofuata.

Tuanze na sili yenyewe. Ni pete ya bati gumu iliyovishwa mpira, na mpira huo una mdomo mwembamba unaogusa chuma laini kilichong'arishwa. Nyuma ya mdomo kuna springi nyembamba ya duara inayoubana mdomo ushike chuma pande zote sawasawa. Upande wenye springi hutazama oili. Zamani midomo hii ilikuwa ya ngozi. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ambayo kazi yake ya asili ilikuwa kutengeneza ngozi, ni miongoni mwa walioeneza pete za namna hii miaka ya 1930, kabla mpira wa viwandani haujachukua nafasi ya ngozi. Mpira wa kawaida unaotumika leo, wenye jina la naitraili, huvumilia joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi kwa muda mrefu. Upo mwingine wa bei ya juu, Viton, unaovumilia mpaka nyuzi 200. Mpira ukizidiwa na joto haupasuki siku hiyohiyo. Unakauka, unakakamaa, unapoteza ule ulegevu wa kushika chuma, na oili inapata njia.

Utaniuliza, mbona pete ya bati na mpira inachukua kipindi kizima? Ni kwa sababu ya mahali ilipokaa. Imekaa upande wa ndani wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, sentimita chache tu kutoka kwenye dramu ya breki. Oili ikishaipita sili, inaingia kwenye dramu na kulowesha laini za breki. Breki inasimamisha gari kwa msuguano, na oili imetengenezwa ili kuondoa msuguano. Upande mmoja wa nyuma ukilowa, upande huo haushiki tena. Mzigo wa kusimamisha gari unahamia kwenye magurudumu yaliyobaki, nayo yanapata joto kuliko yalivyopangiwa. Na dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami yenye mvua, lori linavuta upande mmoja.

Fikiria mteremko wa Kitonga, pale barabara ya TANZAM inapopanda milima kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Anayetoka Iringa na mzigo anaushuka wote, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba huku, bonde kule. Watu wa Singida wana Sekenke yao, na ndugu zetu wa Kenya wana Salgaa. Katika miteremko ya namna hiyo dramu za breki zinaweza kupita nyuzi 300. Mvuke wa oili ya difu, yaani oili ya gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma, unaweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 200 na kidogo ukikutana na cheche. Ziweke namba hizo mbili pamoja, halafu uongeze tairi lililolowa oili jirani yake. Utingo anaanza kwa kuona moshi kwenye kioo cha pembeni. Kinachofuata kinategemea kama wana mtungi wa kuzimia moto unaofanya kazi, na kama dereva amepata mahali pa kusimama.

Tumezoea kusema "breki zilifeli", kana kwamba breki ziliamua zenyewe asubuhi hiyo. Tairi lile lilikuwa limelowa tangu juma lililopita, na watu walikuwa wakilipita kila siku wakienda kufunga turubai.

Haya, umeona limelowa. Utajuaje ni nini kinachovuja? Tumia pua. Oili ya difu ina harufu kali ya salfa, na aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Ni nzito, na ikishakaa huwa ya rangi ya asali iliyoiva au nyeusi. Mafuta ya breki ni mepesi, hayana harufu hiyo, na yakigusa rangi ya gari yanaibabua. Kwenye lori dogo linalotumia breki za mafuta, ukikuta umajimaji mwepesi ndani ya dramu, achana na sili, kaitazame silinda ya breki ya gurudumu. Lori kubwa linalotumia breki za upepo mtupu halina mafuta ya breki kabisa, kwa hiyo majimaji ya mafuta ndani ya dramu yatakuwa oili ya difu au grisi.

Grisi nayo ina lake la kusema. Kwenye malori mengi ya Kijapani, beringi za habu ya nyuma hupakwa grisi, na kuna sili mbili kila upande. Moja inazuia oili ya difu isitoke kwenye bomba la ekseli kuingia kwenye habu. Ya pili, ile ya nyuma ya habu, inazuia grisi isiingie kwenye dramu. Ukifungua habu ukakuta grisi imelainika, inachuruzika, na inanuka oili ya difu, ujue sili ya kwanza ndiyo iliyotangulia kufa. Oili imepenya, ikaosha grisi, kisha vyote viwili vikasukumana kutokea sili ya pili. Fundi akibadilisha ile ya nyuma peke yake, ametibu nusu ya ugonjwa. Malori mengi ya Kizungu, Scania na wenzake, yana mpangilio mwingine ambao beringi zenyewe zinaogelea kwenye oili. Huko kazi ya sili ya habu ni nzito zaidi, maana nyuma yake kuna oili muda wote.

Kisha tazama imetokea wapi. Ikiwa oili imeanzia kwenye flenji, pale katikati ya rimu ambapo shafti ya pembeni imefungwa kwa nati, na imetawanyika kwenye rimu kwa nje kama mistari inayotoka katikati, hiyo ni gasketi ya flenji au nati zilizolegea. Hiyo ni kazi ndogo, wala jeki haihitajiki. Ikiwa imelowa kwa ndani, kwenye ukuta wa tairi unaotazama chesisi na kwenye bati la nyuma ya breki, hapo ndipo penye sili. Na kabla hujashawishika, pitisha macho katikati ya ekseli. Sili ya pinioni, kule propela shafti inakoingia kwenye difu, ikivuja, upepo wa safari huirusha oili huku na huku mpaka ekseli nzima ionekane inavuja. Njia ya uhakika ni kuosha ekseli yote, kuikausha, kuendesha gari safari fupi, kisha kurudi na tochi. Gereji nyingi hurukia kufungua bila kuosha, na nadhani hapo ndipo fedha nyingi za wenye magari zinapopotelea.

Sasa tufike kwenye sababu, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kulikuwa na Fuso moja ya tairi sita ikibeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar. Upande wa kushoto wa nyuma ulikuwa ukivuja, ukatengenezwa, ukavuja tena, ukatengenezwa tena. Mwenye gari alishaanza kuamini kwamba amerogwa. Ikaingia kwenye gereji moja ya Makambako, kwa fundi mtu mzima, mpole wa maneno. Hakugusa gurudumu. Alilala chini ya gari, akapitisha mkono juu ya ekseli, akagusa kitu kidogo kama kofia ya chuma, akajaribu kukizungusha. Hakikuzunguka. Akatoka na kumwita mwenye gari.

"Bosi, hii ekseli ilipakwa rangi lini?"

"Mwaka jana, fundi, nilipolitengeneza bodi. Kwani vipi?"

"Waliipaka rangi mpaka brida. Gari lako halipumui."

Brida ni kile kitundu cha kupumulia kilichofungwa juu ya ekseli, na watu wengi hawajui hata kama kipo. Difu likifanya kazi linapata joto. Hewa iliyomo ndani inapata joto na kutanuka, na inatafuta pa kutokea. Brida ikiwa wazi, hewa inatoka taratibu. Ikiwa imezibwa na rangi, au tope, au grisi iliyoganda, ekseli nzima inakuwa sufuria iliyofunikwa ikabanwa mfuniko juu ya moto, na mahali dhaifu kuliko pote ni ule mdomo wa mpira. Hewa inausukuma, oili inafuata. Ungeweka sili ya dhahabu, ingevuja. Yule fundi aliifungua brida, akaiosha kwa petroli, akaipuliza mpaka hewa ikapita huku na huku, ndipo akainua jeki. Brida ni ya kusafishwa kila unapobadilisha oili ya difu, na iangaliwe mapema zaidi ikiwa gari linapita kwenye tope.

Kinyume chake pia hutokea. Ekseli ya moto ikiingia ghafla kwenye maji ya mto au mafuriko, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, na maji yanafyonzwa kupitia brida na kwenye midomo ya sili. Ukifungua boliti ya kumwagia ukakuta oili ina weupe wa maziwa, hilo ndilo lililotokea. Oili hiyo haifai hata ikiwa ni ya mwezi huu. Imwage yote.

Sababu nyingine ni oili iliyozidi. Kuna wanaoamini kwamba kujaza sana ni kulitunza gari. Kipimo cha difu ni tundu la kujazia lenyewe. Gari lisimame mahali tambarare, lipoe kidogo oili itulie, kisha oili ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu, basi. Ikizidi hapo, inapotanuka na kurushwa na gia inakimbilia pembeni, kwenye sili. Hata kulaza lori usiku kucha likiwa limeinama upande mmoja, kama inavyotokea kwenye maegesho mengi ya barabarani, kunaipeleka oili kwenye habu ya upande wa chini. Sili nzima inahimili. Iliyochoka inajisaliti asubuhi.

Halafu kuna beringi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu ekseli moja yenye tairi nne kubeba tani 10. Maana yake kila habu inabeba tani 5, usiku na mchana. Hesabu za wataalamu wa beringi za roli zinaonyesha kwamba mzigo ukizidi kwa asilimia 20, maisha ya beringi yanapungua karibu kwa nusu. Beringi ikichoka, habu inacheza. Habu ikicheza, mdomo wa sili unabanwa upande mmoja na kuachia upande wa pili, kila mzunguko. Kwa hiyo anayezidisha mzigo na kukwepa mzani anailipa faini ya mzani kwingine, kwenye beringi, sili na breki, na hapewi risiti.

Ya mwisho katika sababu kubwa ni mfereji. Mdomo wa sili ukisugua chuma mahali palepale kwa miaka, pamoja na mchanga uliojipenyeza, unachimba mstari. Hauonekani vizuri kwa macho kwa sababu chuma kinang'aa. Safisha bomba la ekseli pale sili inapokalia, kisha pitisha ukucha polepole ukivuka upana wake. Ukucha ukinasa, una mfereji. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji huo itavuja hata kama imetoka kiwandani leo. Zipo pete nyembamba za chuma za kuvisha juu ya mahali palipochimbika, nyingine unene wake ni milimita 0.28 tu, kiasi kwamba sili ya saizi ileile inaendelea kutumika. Kwenye baadhi ya magari sehemu hiyo ni pete inayobadilishwa yenyewe. Na kama mfereji ni mwembamba na nafasi inaruhusu, sili inaweza kukalishwa milimita moja au mbili pembeni ili mdomo ukute chuma kizima. Kupiga msasa mpaka mstari upotee, kama wafanyavyo wengine, ni kupunguza kipenyo cha chuma, na mdomo wa sili hautakishika tena.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Sitaimaliza yote redioni, kwa sababu kila lori lina kitabu chake, ila kuna mahali ambapo kazi huharibika, na hapo ndipo nitakapogusa.

Usalama kwanza, na hili nalisema kwa uzito wote. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndiyo ya kubebea. Lori lisibaki juu ya jeki peke yake hata kwa dakika ya kufuata spana. Magurudumu ya mbele yawekwe vizuizi pande zote mbili. Na lori lenye breki za upepo lina chemba za breki ya maegesho zenye springi kubwa iliyobanwa kwa nguvu ya kutisha. Springi hiyo hufungwa kwa boliti yake maalumu kabla ya kuchomoa dramu, na chemba yenyewe haifunguliwi gereji ya kando ya barabara. Springi hizo zimeua mafundi.

Mwaga oili ya difu, au inua upande mmoja kiasi oili ihamie upande wa pili. Fungua nati za flenji, chomoa shafti. Flenji nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Humo unafunga boliti mbili kwa zamu, na flenji inasogea nje yenyewe. Nyundo ya kugonga flenji mpaka iruke inaiharibu sura yake, nawe unaanza kuvuja kwenye gasketi ambayo haikuwa na tatizo. Baada ya hapo inafuata nati ya beringi na kufuli yake. Nati hiyo ina spana yake pana. Patasi na nyundo zimeharibu nati nyingi sana kwenye nchi hii, na nati iliyoliwa na patasi haiwezi tena kurekebishwa kwa kipimo.

Habu ikitoka, kila kitu kioshwe na kukaushwa. Beringi zishikwe mkononi moja moja, zizungushwe mwangani. Roli yenye doa la bluu imeungua. Yenye vishimo imekwisha. Kikombe cha beringi kilichobaki ndani ya habu kitazamwe pia, maana beringi mpya kwenye kikombe kilichochimbika haitadumu.

Sili mpya ilinganishwe na ya zamani kabla haijaguswa na nyundo. Kwa kawaida sili ina namba zilizochapwa juu yake, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, vyote kwa milimita. Zisome namba hizo mwenyewe, wala usimwachie muuzaji akupimie kwa macho. Ile feki niliyoahidi kuisemea huwa inajitambulisha hapa: mpira mgumu kama plastiki, springi iliyolegea au inayochomoka ukiigusa, maandishi yanayofutika kwa kidole. Mdomo upakwe oili au grisi kidogo, isipokuwa maelekezo ya sili hiyo yaseme iingie kavu. Sili inayoingia kavu bila kutakiwa inaungua mdomo katika mizunguko ya kwanza. Wakati wa kuigonga, tumia kitu bapa chenye upana unaofanana nayo, mafundi wengi hutumia kikombe cha beringi ya zamani, uigonge kwa usawa mpaka ikae. Kuigonga upande huu, kisha upande ule, kwa kichwa cha nyundo, kunalipinda bati. Sili iliyopinda inavuja siku hiyohiyo.

Ukazaji wa beringi ndio unaotenganisha fundi na mtu mwenye spana. Nati inakazwa huku habu ikizungushwa, ili roli zikae mahali pake, kisha inarudishwa nyuma kwa kiasi kilichoandikwa. Kwenye malori mengi mazito mchezo unaobaki unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.025 na 0.125. Jicho haliwezi kuona kiasi hicho, lakini saa ya kupimia inaona. Kuna mengine, hasa ya Kijapani, yanayopimwa kwa nguvu ya kuvuta habu kwa mizani ya springi mpaka ianze kuzunguka. Fuata kitabu cha gari lako. Kukaza "mpaka mkono useme" kunaua beringi kwa joto, na kulegeza kupita kiasi kunaua sili.

Kurudisha shafti ni mahali pengine penye hasara ya kimyakimya. Shafti ya lori ni nzito, na ncha yake ina meno. Ukiiingiza huku ukiiacha ilale kwa uzito wake, meno yanapita juu ya mdomo wa ile sili ya ndani uliyoifunga sasa hivi, yanaukata. Ibebeni watu wawili, iende ikiwa imenyooka. Flenji ifungwe kwa gasketi mpya au silikoni ya mstari mwembamba. Silikoni ikimwagwa kama uji wa mtoto hukatika vipande vinavyokwenda kukaa kwenye beringi.

Nimefika kwenye laini za breki, na hapa sitakuwa na upole. Kuna desturi ya kuzimwagia petroli laini zilizolowa na kuzichoma moto mpaka zikauke, kisha kuzipiga msasa na kuzirudisha. Zinaonekana safi. Oili imeshaingia ndani kabisa ya laini, na mara ya kwanza zitakapopata joto la mteremko itapanda juu tena. Moto wenyewe nao umeshailegeza gundi na nguvu ya laini. Laini iliyolowa oili inatupwa, na inabadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, ili pande mbili za ekseli zishike sawa. Dramu inaoshwa kwa dawa ya kusafishia breki, na inapimwa kama haijapasuka kwa joto. Vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa, kwa sababu laini za zamani zinaweza kuwa na asibesto, na asibesto inaleta saratani ya mapafu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Wenye pikapu, sijawasahau. Gari dogo kama Hilux, kwa kawaida shafti yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu na beringi imebanwa juu yake kwa presi. Kuibadilisha sili kunahitaji presi na kubadilisha pete ya kufungia, wala si kazi ya nyundo uani. Sababu za kuvuja ni zilezile: brida, oili iliyozidi, beringi iliyochoka, chuma kilichochimbika.

Kazi ikiisha, jaza oili inayotakiwa na kitabu, kwa malori mengi ni GL-5 ya 80W-90 au 85W-140, mpaka ukingo wa tundu. Endesha kilomita chache, simama, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Iliyotengenezwa ikiwa na joto kuzidi wenzake kwa mbali, beringi imekazwa mno, rudi gereji. Na baada ya kilomita 50 hadi 100 nati za tairi zikazwe upya, kwa sababu zinalegea kidogo rimu inapokaa.

Kwenu wenye magari: fundi anapokwambia kazi inahitaji siku nzima, na inahitaji laini za pande mbili, beringi, na kusafisha brida, hakuibii. Anayekuibia ni yule anayemaliza kwa saa moja. Mpe huyo wa kwanza siku yake, na umwambie mwenye mzigo asubiri. Kwenu madereva na utingo: kila asubuhi kabla ya kuwasha, chukueni tochi, inameni, mtazame ukuta wa ndani wa kila tairi la nyuma. Mkikuta umelowa, pigeni simu kwa bosi, lori lisishuke Kitonga.